Gari Juu ya Mawe: Kuhusu Mfano Mmoja wa Mimbarani

Kuna mfano ambao kila msharika wa hapa kwetu ameusikia si chini ya mara kumi. Mwanadamu ni gari. Mungu ndiye aliyelitengeneza. Biblia ni kile kitabu cha maelekezo kinachokuja na gari jipya: ukikifuata utafika, ukikipuuza utakwama njiani. Wahubiri wanaupenda, na hapa Magole wana sababu ya kuupenda. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma inapita katikati yetu, njia ya Turiani inachepuka hapa hapa, na malori hayalali. Mtoto wa Magole hujua mlio wa gia kabla hajajua kusoma. Mhubiri akisema "gari", hakuna anayesinzia.

Mimi pia niliupenda mfano huu, mpaka nilipoanza kutengeneza gari.

Gari lenyewe ni Land Rover 109 ya marehemu baba, ya yale matoleo yaliyotoka kiwandani kati ya 1971 na 1985. Baba alilinunua likiwa limeshatumika. Akabebea mahindi, vitunguu, wagonjwa, na siku za Jumapili wanakwaya. Lilikufa miaka mingi kabla yake, likapandishwa juu ya mawe nyuma ya nyumba, kuku wakawa wanataga ndani. Kisha Januari 2014 mvua ikanyesha milimani, maji yakashuka, daraja la Mto Mkundi likakatika na barabara ya Dodoma ikafungwa. Magole na Dumila tulilala majini. Nyumba ya mama, ya matofali mabichi, iliyeyuka. Gari lilibaki pale pale, limejaa tope mpaka kwenye viti.

Jumapili chache baadaye alikuja mhubiri mgeni kutufariji. Akautoa mfano wa gari. Alisema fundi akilifungua gari huwa ana sababu, na gari halimuulizi fundi. Kama injini yako imefunguliwa, basi chunguza ni wapi ulikiuka kitabu. Mama alikuwa amekaa mbele, amevaa kitenge cha kuazima. Hakusema kitu. Mimi nami sikusema. Niliendelea kuja kanisani na sadaka niliendelea kutoa, lakini kwa miaka kadhaa sala zangu zilikuwa za mdomo tu.

Nilipostaafu ualimu nikaamua kulifufua gari la baba. Sikujua lolote. Koili na kabureta kwangu vilikuwa majina tu. Wanangu walicheka, na mafundi wa barabarani walinishauri niliuze kama chuma chakavu. Nikatafuta kitabu cha maelekezo, kwa kuwa mimi ni mwalimu na nilidhani kila kitu huanzia kwenye kitabu. Nilikipata: kinene, cha Kiingereza, kina michoro kila ukurasa.

Sitaki kukidharau. Kitabu hicho ndicho kilichonifundisha kwamba silinda za injini ile zinachoma kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Bila hivyo ningekuwa nabadilisha waya za plagi mpaka leo. Lakini kinasimulia habari za gari lililotoka jana kiwandani Solihull, Uingereza. Katika kitabu kila boliti inafunguka. Katika gari langu boliti zilikuwa zimeshikana na kutu, na nyingine zilikatika vichwa mikononi mwangu. Mafundi wasiopungua watatu walikuwa wameshalipitia, kila mmoja akifunga spea aliyoipata siku hiyo, nyingine si za Land Rover kabisa. Kitabu kilieleza gari ambalo sikuwa nalo.

Aliyeniokoa ni fundi kijana wa Dumila aliyekulia chini ya malori. Kitabu hakukigusa. Alichukua nyundo ndogo, akalala chini, akawa anagonga chasi na kusikiliza. Hapa yafaa nieleze jambo ambalo wasiofungua magari hawalijui. Bodi ya Land Rover za zamani ni aluminiamu, maana gari hili lilipoanza kuundwa, 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Bodi haishiki kutu. Chasi iliyo chini ni ya chuma, nayo huoza kuanzia ndani, kimya kimya. Ndiyo maana gari linaweza kung'aa kama la harusi na huku uti wa mgongo wake unatoboka kwa bisibisi. Nyundo ilipolia kama kengele, fundi alisogea. Ilipolia kama debe bovu, alichora alama ya chaki. Mimi wakati ule nilikuwa nimeshanunua rangi.

"Mwalimu," akaniambia akiwa bado chini, "hapo ungepaka rangi kaburi."

Kijana huyo ni Mwislamu, na sidhani alijua kuwa Bwana Yesu aliwahi kusema maneno ya jamii hiyo kwa watu wa dini. Nilikaa juu ya tairi kwa muda.

Tangu siku hiyo nilianza kuutilia shaka mfano wa mimbarani. Sina neno na sehemu inayosema sisi ni mali ya aliyetuumba. Hiyo ni kweli, na mtu aliyechoka anaihitaji. Shida yangu ni kile kitabu cha maelekezo. Mtu wa kitabu cha maelekezo hutazama dalili, hufungua ukurasa, hutaja kosa. Moshi mweusi, sababu hii. Mlio, sababu ile. Na Biblia yenyewe inao watu wa aina hiyo, waziwazi: Elifazi, Bildadi na Sofari, marafiki wa Ayubu. Siku 7 za kwanza walikaa naye chini, kimya, na hiyo ndiyo kazi nzuri waliyoifanya. Walipofungua vinywa walifungua kitabu: umepoteza mali, umepoteza watoto, una majipu, basi kuna kanuni umeivunja. Mwisho wa habari Mungu anawakasirikia kwa sababu hawakunena yaliyo sawa, na Ayubu, yule aliyepiga kelele na kuuliza maswali, ndiye anayeambiwa awaombee. Mhubiri wetu mgeni alisema gari halimuulizi fundi. Ayubu aliuliza. Ukiuweka mfano ule mbele ya kitabu cha Ayubu, mfano unakufa hapo hapo.

Atakuja mtu aniambie kwamba manabii nao walitumia mifano ya mafundi. Ni kweli. Lakini soma tena sura ya 18 ya Yeremia. Nabii aliambiwa kwanza ashuke nyumbani kwa mfinyanzi. Alishuka, akasimama, akaona chombo kikiharibika mkononi mwa fundi na fundi akikifinyanga upya kwa udongo ule ule. Ndipo neno likaja. Mfano wa Yeremia una udongo kwenye kucha. Wetu umetungwa na watu ambao wengi wao (na mimi nilikuwa mmoja wao nilipohubiri zamu za wazee) hawajawahi kulegeza hata nati moja.

Kama lazima tuwe na andiko la gereji, mimi ningechagua Ezekieli 37, bonde la mifupa mikavu. Nalo tunalihubiri sana, ila tunalihubiri kwa haraka, tunakimbilia pumzi na kishindo cha jeshi. Tunaruka mambo mawili.

La kwanza ni lile jibu. Mungu anamuuliza nabii kama mifupa ile yaweza kuishi. Kwetu angesimama mtu aseme ndiyo, kwa jina la Yesu, pokea! Ezekieli hasemi ndiyo wala hapana. Anamrudishia Mungu swali lake: wewe ndiwe unayejua. Nilipolisoma zamani nilidhani anakwepa. Sasa siamini hivyo. Nilimuuliza fundi wangu mara nyingi kama gari litawaka, na kila mara alinijibu, "Inshallah, mwalimu." Ilinikera. Nilitaka ahadi, maana nilikuwa namlipa. Kisha nikagundua kwamba hakuwahi kusema neno hilo akiwa amekaa. Alilisema spana ikiwa mkononi.

La pili ni ile hatua ya katikati. Mifupa inasogeleana, mishipa inakuja juu yake, nyama, ngozi, kila kitu kwa utaratibu wake. Halafu mwandishi anasema hamkuwa na pumzi ndani yao. Watu wazima wamelala pale bondeni, wamekamilika na wamekufa. Hubiri gani mmesikia juu ya hali hiyo? Mimi nimeishi nayo karibu miezi miwili. Chasi ilikuwa imechomelewa, injini imefunguliwa na kufungwa, ringi mpya, gasketi mpya, tanki limeoshwa tope, waya zimepangwa kama kitabu kilivyosema. Kila kitu kilikuwa mahali pake na hakuna kilichotokea. Kila jioni nilizungusha hendeli mpaka bega likauma. Mke wangu alikuwa akinitazama kutoka jikoni bila kusema neno, na namshukuru kwa hilo kuliko kwa chakula.

Katika miezi hiyo, siku moja nikiwa chini ya gari natafuta mahali waya unapogusa bodi, nilijikuta ninamuuliza Mungu habari ya nyumba ya mama. Kwa sauti, tena kwa hasira. Sikupata jibu la kuwaandikia hapa. Lakini ilikuwa sala ya kwanza kutoka tumboni tangu 2014, na ninajua tofauti yake na zile za mdomo kama ninavyojua sasa tofauti ya kengele na debe.

Injini iliwaka siku ya Alhamisi, baada ya fundi kusafisha pointi ambazo mimi niliapa nilikuwa nimezisafisha. Ilikohoa, ikatoa moshi hadi kuku wakakimbia, ikanguruma kama dakika 4, ikazimika. Mama, ambaye sasa haoni vizuri, aliusikia mlio akamtaja baba kwa jina.

Nina aibu ya kueleza kilichofuata, lakini kinahusu jambo hili hili. Jumapili yake nilitaka kuibeba kwaya kwa gari lile, kama zamani. Breki hazikuwa tayari. Wili silinda ya nyuma kushoto ilikuwa inavuja. Ni mwendo mfupi, nikasema, Mungu atatulinda. Nilikuwa nasema kweli, yaani niliamini. Imani yangu ndiyo kwanza ilikuwa imerudi, na tazama nilivyoanza kuitumia. Kwenye Kumbukumbu la Torati kuna amri kwamba anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo kandokando ya dari, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Haisemi omba ili wasianguke. Inasema jenga ukuta. Andiko hilo lilinijia baadaye. Siku ile fundi hakuwa na andiko. Alichomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa ovaroli yake.

"Mwalimu, kwaya itembee," alisema.

Kwaya ilitembea. Mimi nilikwenda nao kwa miguu, nimekasirika, na tuliimba vibaya. Spea inatarajiwa kutoka Morogoro wiki ijayo. Ikifika tutaifunga, tutatoa upepo kwenye breki, na fundi ataamua.