Jina Katika Wimbo wa Uhamishoni

Wimbo wa mtu aliyetengwa na asili yake hupimwa kwa desturi moja. Mhakiki husikiliza kama mna ngoma ya kwao au neno la lugha ya wazazi wake, na akilikosa huamua kuwa mwimbaji amepotea. Nia ya makala haya ni kuonyesha ya kuwa kipimo hicho ni kifupi mno. Mfano wetu ni Michael Kiwanuka, mwimbaji wa muziki wa soul, aliyezaliwa London mwaka 1987 na wazazi waliokimbia Uganda wakati wa Idi Amin. Tutamlinganisha na watu wa Rufiji na Kibiti. Hao walihamishwa mwendo mfupi tu, lakini swali la lugha kwao ni lile lile.

Tuanze na wimbo wake wa mwaka 1916 + 100, yaani 2016, uitwao "Black Man in a White World", uliotangulia albamu ya Love & Hate. Jina lake lamtaja mtu mweusi aliyemo katika ulimwengu wa weupe, na kiitikio hulirudiarudia jina hilo juu ya makofi. Mwanasarufi ataona mara moja kwamba jina hilo halina kitenzi. Hapana anayetenda wala anayetendwa; pana rangi mbili tu na kihusishi cha mahali. Twaambiwa mwimbaji yumo wapi, hatuambiwi ametoka wapi. Wako watakaosema kuwa makofi na kurudiarudia ndiyo Afrika yenyewe. Yafaa tujihadhari. Mtindo huo ulimfikia kwa njia ya makanisa na nyimbo za kazi za Waamerika weusi; ni urithi wa kweli, lakini si urithi wa Buganda. Kwa hiyo katika wimbo huu uchungu ni dhahiri, na asili ni kivuli.

Sasa tutazame Rufiji. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, serikali iliendesha Operesheni Rufiji mwaka 1969, na wakazi wa bondeni wakahamishiwa vijiji vya nchi ya juu. Hata hivyo wakulima waliendelea kushuka bondeni kwa msimu, maana rutuba ilikuwa huko. Pamoja na kazi yalidumu maneno yake: mlau, yaani kilimo cha kupanda katika udongo wenye unyevu maji yakiisha kupwa, na dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti mirefu. Hali ya Kindengereko ni nyingine. Eva-Marie Ström, aliyeandika tasnifu juu ya lugha hiyo katika Chuo Kikuu cha Gothenburg mwaka 2013, aliikuta ikikipisha Kiswahili katika vinywa vya wenyeji wasiohama popote. Kumbe mtu aweza kuhamishwa na maneno yake yakabaki, na mwingine akabaki kwao na lugha ikamhama.

Tukiwa na hayo, albamu ya mwaka 2019 yaeleweka vizuri zaidi. Kiwanuka aliipa jina lake mwenyewe, KIWANUKA, nayo ikapata tuzo ya Mercury mwaka 2020. Ameeleza kwamba alipoanza kazi watu walimwuliza atajiitaje, kana kwamba jina alilo nalo halikutosha. Basi jina hilo ni la mungu wa radi katika imani za kale za Waganda, na lina kiambishi ki- ambacho kila msomaji wa jarida hili anakifahamu. Mwingereza hana njia ya kulitamka bila kupita Buganda. Neno moja limefanya kazi ambayo kiitikio kizima cha mwaka 2016 hakikuifanya: limetaja mahali alikotoka.

Itapingwa kwamba jina si lugha, na kwamba nyimbo zenyewe ni za Kiingereza. Ni kweli, wala hatudai kuwa albamu imerudisha kilichopotea. Twadai tu kwamba mhakiki hana budi kupima kilichohifadhiwa kwa uangalifu ule ule anaopimia kilichopotea, na kwamba neno moja lisilo na badala lina uzito kuliko maombolezo marefu yasiyotaja mahali.

Jambo hili latuhusu sisi kwa karibu. Kijana wa Kibiti akienda Dar es Salaam na kuimba juu ya kwao, ataimba kwa Kiswahili cha wote, na wahakiki watamsifu kwa ufasaha wake. Afadhali tumwulize kama mna dungu katika wimbo wake. Na tusimtume kwenye kamusi alitafute, kwani huko ataambiwa kuwa dungu ni ulingo wa kulindia shamba. Maana hiyo ni sahihi, lakini haisemi kwamba Rufiji watu hulala humo msimu mzima, watoto na vyombo vikiwa juu na maji yakipita chini. Maana hiyo ya pili ingali kwa wazee wa bondeni, na kazi ya kuiandika ni yetu.