Bomba Bovu Liachwe Ukutani

Nyumba kongwe za Mji Mkongwe, Zanzibar, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba. Maji ya bomba yaliingia baadaye, mara nyingi kwa mabomba ya chuma yenye ngozi ya zinki. Zinki ikishalika, kutu hujaa ndani, na tundu likibaki nusu ya kipenyo chake, maji yanayopita kwa presha ileile hushuka chini ya moja ya tano. Ndiyo maana bafu la juu hutoa uzi wa maji ilhali tenki limejaa. Mafundi wengi hutindua ukuta, wakang'oa bomba na kulaza jipya mlemle. Naona hapo ndipo nyumba inapoumizwa. La zamani likatwe, lizibwe, liachwe lilipo. Jipya, la plastiki ya PPR, lipite juu ya uso wa ukuta.

Chokaa kuukuu haikubali tindo. Ukichimba mfereji, jiwe zima hutoka, na fundi hufukia pengo kwa saruji ngumu isiyopumua, unyevu ukabaki umefungiwa. Isitoshe, bomba linalovuja ndani ya ukuta huo halijitangazi: chokaa hunyonya maji mpaka yafike kwenye ncha ya boriti iliyozikwa ukutani, nayo huoza isionekane. Bomba la nje likidondosha, atakayelala chini yake atalalamika siku hiyohiyo.

Watasema kukata kipande kilichotoboka na kuunga kipya ni nafuu. Ni nafuu kwa leo tu, kwa sababu mstari mzima umezeeka pamoja, na spana ikizungusha kiungo kimoja hulegeza nyuzi za kile cha jirani. Hoja ya sura ina uzito zaidi, maana bomba la PPR la kijani huchusha kwenye ukuta mweupe. Lakini lipitishwe pembeni, lifunikwe kwa kisanduku cha mbao kinachofunguka. Kwenye jua kifuniko ni lazima, kwani plastiki ya PPR huchakazwa na mwanga. Bomba la maji moto liachiwe nafasi ya kurefuka pia: mita tatu, joto likipanda nyuzi 40, hurefuka takriban milimita 18.

Ustadi wenyewe umo kwenye kiungo. Mashine ya kuunga plastiki kwa joto huwekwa nyuzi 260, bomba la milimita 20 hupashwa sekunde tano pamoja na soketi yake, kisha huingizwa moja kwa moja bila kuzungushwa. Likipashwa kupita kiasi au kusukumwa mno, plastiki hufura ndani ikawa pete inayobana tundu, yaani umelipia tatizo lilelile upya. Kabla ya kukata chuma, fundi umeme ahakikishe waya wa ethi haukufungwa kwenye bomba hilo, jambo lililozoeleka zamani. Halafu mstari mpya ujazwe maji na kupimwa kwa presha mara moja na nusu ya ile ya kawaida, bomba la zamani likiwa bado linahudumia nyumba.