Sifa za Muuguzi Anayefundisha

Mgonjwa wetu, au anayemuuguza, huitikia. Mama aliyezaliwa Fizi nchini Kongo, akalea wanawe katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma na sasa anaishi Louisville, Kentucky, akielezwa jambo na mtu wa hospitali huinamisha kichwa, hushukuru, hukunja karatasi aliyopewa na kuitia mkobani. Ametimiza heshima. Kama ameelewa ni jambo jingine kabisa, na namsifu hapa muuguzi anayeijua tofauti hiyo na asiyekubali kumruhusu mgonjwa aende nyumbani kabla ya kuipima.

Namna anavyoipima ndiyo ufundi wenyewe. Hamuulizi mama kama ameelewa, kwa kuwa jibu la swali hilo analijua. Husema, kupitia mkalimani wa simu: “Mama, nimezungumza mengi, huenda sikueleza vizuri. Hebu nionyeshe utakavyomchoma mzee wako sindano yake ya sukari jioni.” Kosa, likiwapo, tayari amelibeba yeye. Mama huishika kalamu ya insulini, huzungusha hadi namba sahihi, huchoma, na papo hapo huchomoa. Hapo muuguzi ameona kitu ambacho karatasi isingemwambia: dawa ingebaki ikidondoka juu ya ngozi, sukari ya mzee isingeshuka, na kliniki ijayo daktari angeongeza kipimo bila sababu. Humwelekeza abonyeze hadi mwisho, ahesabu pole pole mpaka kumi, ndipo achomoe. Kisha humwomba arudie. Dakika chache hizo zaweza kumwepusha mzee na kulazwa tena.

Kentucky inaujua ufundi huu tangu zamani. Mwaka 1925 Mary Breckinridge alianzisha katika milima ya mashariki ya jimbo hilo huduma ambayo baadaye iliitwa Frontier Nursing Service. Wauguzi wakunga wake walipanda farasi, wakavuka mito, wakaingia katika vibanda vya watu maskini ambako gari halikufika. Walizalisha na walichanja, lakini pia waliketi na mama wa nyumba kuzungumza juu ya maji safi, choo na chakula cha mtoto. Mtu anayefundishwa jikoni kwake huuliza maswali asiyoyauliza akiwa amelala kitandani kwa watu.

Columbus, Ohio, kuna Wasomali wengi sana, na pamoja nao Wabantu wa Kisomali, ambao baadhi yao Kiswahili wanakisema tangu walipokaa kambi za Kenya. Huko muuguzi mwerevu huanza kwa kuuliza kabla ya kufundisha. Ramadhani ikikaribia, mwenye kisukari humuuliza kama ana nia ya kufunga, hula nini wakati wa daku, hufuturu kwa nini. Kisha hukaa na daktari kupanga upya saa za dawa. Asiyeuliza atamwandikia vidonge vya asubuhi, mchana na jioni, na cha mchana kitaachwa kimya kimya. Kwa mtoto mwenye homa, muuguzi huyo huiweka kando lugha ya vijiko: kijiko cha chai ni mililita 5, cha mezani ni 15, na cha nyumbani kwako hakuna akijuaye. Humpa mama sirinji ya kunyweshea, huweka alama ya kalamu pale dawa inapopaswa kufika, na mama huivuta mwenyewe mbele yake.

Buffalo, New York, somo lenyewe ni nyumba. Nyumba nyingi za mji huo zilijengwa kabla ya 1940, na rangi yenye madini ya risasi haikupigwa marufuku katika makazi ya Marekani hadi 1978. Familia iliyotoka kambini hupanga humo kwa kuwa kodi ni nafuu. Dirisha kuukuu likifunguliwa na kufungwa, rangi husagika ikawa vumbi, mtoto hutambaa, hutia vidole mdomoni, na madhara huenda kwenye ubongo bila dalili ya kuonekana. Sheria ya jimbo la New York inataka kila mtoto apimwe damu akiwa na mwaka 1 na tena akiwa na miaka 2. Kipimo hicho peke yake hakimlindi mtoto anayerudi kwenye dirisha lile lile. Anayemlinda ni muuguzi anayemwonyesha mzazi kingo za dirisha, anayemweleza kwamba afute kwa kitambaa kibichi wala asifagie vumbi, na anayemwambia nani wa kupigiwa simu mwenye nyumba akikataa kutengeneza.

Naudhika kwamba kazi hii huhesabiwa kuwa ya ziada. Dawa iliyotolewa huandikwa. Somo lililofundishwa vizuri mara nyingi huachiwa alama moja kwenye fomu. Viongozi wa hospitali wampe muuguzi dakika zake, maana huo nao ni uuguzi.

Nawe msomaji, ukimpeleka mzazi wako kliniki katika miji hiyo, omba mkalimani. Kituo kinachopokea fedha za serikali kuu kinawajibika kukupa bila malipo. Tangu 2016 kanuni zinakataza kumtumia mtoto mdogo kukalimani, isipokuwa pana dharura na hakuna mwingine. Mwache mwanao shuleni. Na muuguzi akikuomba umweleze alichosema, usidhani anakudharau: mweleze, hata kama utakosea.