Msimbo wa programu hunakiliwa, imani hainakiliki

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniletea rasimu ya tasnifu yake kuhusu istilahi za kompyuta. Katika sura ya tatu alikuwa ameandika kwamba mradi fulani wa programu “ulipigwa uma” na watunzi wake. Nikamuuliza, “Uma huu ni wa mezani, ama ni kuuma kwa nyuki?” Akacheka. “Mwalimu, ndivyo Waingereza wasemavyo.”

Naam, ndivyo wasemavyo. Lakini Mswahili asiyejua Kiingereza akiisoma sentensi hiyo ataambulia nini? Ataona wali na kachumbari. Hili ni kosa la kutafsiri neno na kuliacha wazo nyuma. Hata hivyo, si kosa la mwanafunzi pekee. Nimepitia maandishi yetu machache yanayogusia suala hili na nikakuta maneno manne yakipokezana: uma, uasi, talaka na mpasuko. Yote yanapotosha, na upotoshaji wenyewe una madhara.

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, na leseni yake inamruhusu yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Kwa hivyo watunzi wakikosana, kundi moja laweza kuchukua nakala ya msimbo wote, likaupa jina jipya na kuendelea kivyake. Hilo si wizi wala uvunjaji wa sheria. Leseni yenyewe imelikubali tangu mwanzo.

Sasa tupime maneno yetu. Anayesema “uasi” amekwisha kutoa hukumu kabla ya kusikiliza kesi, kwani muasi huasi mamlaka halali. “Talaka” nayo ina taswira ya kugawana mali: huyu achukue kochi, yule achukue ng’ombe. Katika programu huria hakuna kinachogawanywa, maana kila upande huondoka na msimbo mzima. “Mpasuko” humfanya msomaji aone kitu kilichovunjika ilhali msimbo haujavunjika popote. Kinachovunjika ni kuaminiana kwa watu, na hicho ndicho maneno yetu yanakificha.

Nitoe mfano ambao una uhusiano na lugha yetu. Mwaka 1999 kampuni ya Sun ya Marekani iliinunua kampuni ya Kijerumani ya StarDivision, iliyokuwa na programu za ofisi. Mwaka 2000 Sun ikaufungua msimbo wake, na hapo ukazaliwa mradi wa OpenOffice.org. Watu wa kujitolea kutoka pembe nyingi za dunia walijiunga, wakarekebisha hitilafu na kuitafsiri kwa lugha zao. Kiswahili hakikuachwa nyuma. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Uswidi katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Kwa tulioshuhudia wakati ule, halikuwa jambo dogo kufungua tarakilishi na kukuta menyu inazungumza Kiswahili.

Lakini chini ya zulia mlikuwa na vumbi. Aliyetaka msimbo wake uingizwe katika mradi alitakiwa kutia sahihi mkataba wa kushirikiana hakimiliki na kampuni. Jina nalo lilikuwa mali ya kampuni. Fikiria chama cha akina mama ambapo kila mmoja huweka akiba kila mwezi, ila akaunti ya benki imeandikwa jina la mwanachama mmoja tu. Maadamu huyo mmoja ni mwema, mambo huenda shwari. Siku akihama au akifa, je?

Siku hiyo ilifika mapema mwaka 2010, Oracle ilipokamilisha ununuzi wa Sun. Watu wa kujitolea wakaanza kuulizana mwenye nyumba mpya ana nia gani. Tarehe 28 Septemba mwaka huo kundi la wanajamii wa muda mrefu lilitangaza kuunda wakfu unaoitwa The Document Foundation na programu iitwayo LibreOffice. Jina hilo walilichagua kwa muda tu. Waliialika Oracle ijiunge nao na kuwakabidhi jina la zamani. Oracle haikukubali. Mwezi uliofuata, wajumbe wa baraza la OpenOffice.org waliokuwa wamejiunga na wakfu waliombwa wajiuzulu kwa hoja ya mgongano wa maslahi.

Hapa ndipo wengi wetu hukimbilia methali: umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Mimi nasema tusiitumie methali hiyo kama rungu. Umoja ambao mtu hawezi kuutoka si umoja, ni kizuizi. Watunzi wale hawakuondoka kwa kupenda ugomvi. Waliondoka kwa sababu kazi yao ilitegemea hisani ya mtu wasiyemjua. Na haki ya kuondoka ndiyo iliyowafanya wengi wao kujitolea tangu awali. Nani angetoa jioni zake, miaka nenda miaka rudi, kama asingekuwa na mlango wa kutokea?

Hata hivyo, wanaousifu mgawanyiko kama ushindi mtupu nao wameteleza. Msimbo ulinakiliwa kwa siku moja, ila vitu vitatu havikunakilika: jina, mazoea ya watumiaji, na imani baina ya waliobaki na walioondoka. Aprili 2011 Oracle ilitangaza kwamba haitaendelea kuiuza OpenOffice, na Juni ikaukabidhi mradi kwa wakfu wa Apache badala ya wale waliokuwa wameondoka. Sasa pakawa na nyumba mbili, kila moja na leseni yake. Leseni ya Apache iliwaruhusu LibreOffice kuchukua kutoka ng’ambo ya pili, lakini Apache hawakuweza kuchukua ya LibreOffice kwa masharti yao. Ukarimu wa upande mmoja usioweza kurudishwa hauponyi uhasama, aghalabu huuchochea.

Aliyeumia ni mtumiaji wa kawaida. Karani au mwalimu aliyejua jina la zamani aliendelea kulitafuta jina hilo hilo, asijue kwamba watunzi wengi walikwisha kuhama. Toleo la 4.1 la Apache OpenOffice lilitoka mwaka 2014, na miaka iliyofuata ilijaa marekebisho madogo madogo ya toleo hilo. Oktoba 2020, OpenOffice ilipotimiza miaka ishirini, wakfu wa LibreOffice uliandika barua ya wazi kuwasihi Apache wawaelekeze watumiaji kwa mradi ulio hai. Muongo mzima ulikuwa umepita na wenyewe bado wanazungumza kwa barua za wazi. Ndugu wanaoaminiana hawaandikiani barua mbele ya umma.

Je, ilikuwa lazima iwe hivyo? La hasha. Mwishoni mwa 2014, watunzi wa Node.js waliochoshwa na usimamizi wa kampuni moja walianzisha io.js. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa wamerudiana chini ya wakfu usio mali ya kampuni yoyote, na toleo la pamoja likatoka Septemba 2015. Kabla yao, walioondoka katika mradi wa GCC mwaka 1997 walifanya kazi nzuri kiasi kwamba mwaka 1999 nakala yao ndiyo iliyotambuliwa kuwa GCC rasmi. Katika visa vyote viwili mwenye jina alikubali kulilegeza. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tofauti ilipo. Katika kisa cha OpenOffice jina lilipewa mtu wa tatu.

Ndiyo maana napendekeza neno “panda”. Kila mtoto aliyewahi kukata kijiti cha manati anaijua panda ya mti: shina ni moja, matawi mawili, na kila tawi limebeba maji ya shina lile lile. Neno hili halimhukumu mtu. Linaacha nafasi ya kuuliza kwa nini mti ulitoa panda, na ni tawi gani linalozaa.

Suala hili si la wahandisi peke yao. Sisi wapenzi wa Kiswahili tunaombwa kila uchao kuchangia bure tafsiri, orodha za istilahi na rekodi za sauti kwa miradi ya wengine. Tunaitika kwa moyo mkunjufu, tunapiga picha siku ya uzinduzi, kisha tunakwenda zetu. Wahenga walionya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kuchangia, tuulize: Jina la mradi ni la nani? Hakimiliki ya maneno yetu inakwenda wapi? Mwenye mradi akiuza, sisi tutaweza kubeba kazi yetu? Kazi ya Jambo OpenOffice haikufungiwa kabatini mwa Sun kwa sababu leseni ilikuwa huria. Kazi nyingi tunazochangia leo hazina kinga hiyo, na hatuulizi.

Mwanafunzi wangu amekwisha kulifuta neno “uma”. Ameandika “panda”, na ameongeza sura nzima kuhusu mikataba ya wachangiaji. Kama wewe msomaji una neno bora kuliko hilo, tuletee tulijadili.