Maswali Kabla ya Kidonge

Mtoa dawa hodari hana haraka ya kunyoosha mkono rafuni. Mama anaingia na mtoto mgongoni, anaomba dawa ya homa. Aliyeanza kazi juzi angeshashika paracetamol. Huyu anauliza kwanza. "Mama, homa imeanza lini? Ananyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege?" Mtoto akiwa amelegea, au hawezi hata kunywa, hauziwi kitu cha kupeleka nyumbani. Anaelekezwa kituo cha afya saa hiyohiyo, na biashara hiyo inapotea kwa heshima kubwa.

Ustadi huu ndio uliokusudiwa Tanzania ilipoanzisha Maduka ya Dawa Muhimu mkoani Ruvuma mwaka 2003, kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi. Mhudumu wake hufundishwa, kisha huruhusiwa kutoa baadhi ya dawa za cheti, zikiwemo antibayotiki. Ruhusa hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana.

Tazama ALu, dawa ya malaria. Kipimo kimethibitisha ugonjwa, mtoto ana kilo 12: kidonge kimoja kila mara, jumla sita. Rahisi kuandika, lakini mama asiye na saa ataifuataje? Mtoa dawa anayejua kazi anaipanga dozi ndani ya siku ya mama huyo. Cha kwanza sasa hivi, saa 4 asubuhi. Cha pili baada ya saa 8, yaani saa 12 jioni. Kesho na keshokutwa, asubuhi na jioni. Apewe na maziwa au chakula chenye mafuta, maana dawa hufyonzwa vizuri zaidi hivyo. Homa ikishuka kesho, vidonge vilivyobaki visiwekwe akiba.

Halafu anasema, "Hebu nieleze utakavyompa." Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Foleni imerefuka, jua linawaka, naye anasikiliza maelezo yote, anasahihisha pale tu palipopinda.

Kwa mtoto anayeharisha hufanya vivyo hivyo: pakiti ya ORS kwenye lita nzima ya maji safi, si kikombe, na zinki siku 10 hata choo kikishakuwa kigumu. Kijana mwenye mafua anayetaka amoksilini mbili tu anajibiwa kwa upole, "Mdogo wangu, hiyo haiui virusi vya mafua. Kunywa maji, pumzika. Ukianza kupumua kwa shida, nenda zahanati."