Kisawe si Pacha: Uteuzi wa Neno na Mipaka ya Kamusi ya Visawe
Kamusi ya Visawe ya Mohamed A. Mohamed na Said A. Mohamed (1998) ilimpa mwandishi wa Kiswahili nyenzo muhimu ya uteuzi wa maneno. Hata hivyo, orodha ya visawe, kwa umbo lake, hudhihirisha ukaribu wa maana kuliko tofauti zake. Kufa, kufariki na kuaga dunia hurejelea tukio moja. Lakini mbuzi hufa, hafariki. Msimulizi asemaye kwamba dhalimu “amekufa” na mnyonge “ameaga dunia” amekwisha kutoa hukumu. Mwandishi anayebadilisha neno ili kukwepa urudiaji tu huweza kuitangua hukumu hiyo bila kukusudia. Kamusi ya visawe humkumbusha mtu neno alijualo. Matumizi ya neno asilolijua hufunzwa na matini.