Nguruwe kama Kipimo cha Afya ya Binadamu: Uhakiki wa Jaribio la Elimu ya Afya Wilayani Mbulu, 2002–2005

Kifafa kinachotokana na tegu wa nguruwe ni miongoni mwa madhara ya mfumo wa fahamu yanayoweza kuzuilika. Hospitali ya Kilutheri Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955, huhudumia wakazi wa wilaya za Mbulu, Hanang na maeneo jirani. Hapo, Andrea Winkler na wenzake walichunguza ubongo wa wagonjwa wa kifafa kwa picha za CT, wakabaini kwa baadhi yao vifuko vya lava wa tegu huyo. Uhakiki huu unaujadili utafiti wa Helena Ngowi na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008, ambao ulijaribu kuukabili ugonjwa huo kwenye chanzo chake.

Uchunguzi wao wa awali, uliochapishwa mwaka 2004, ulionesha kuwa asilimia 17.4 ya nguruwe waliokaguliwa ndimi wilayani Mbulu walikuwa na vifuko. Kuanzia Aprili 2002 hadi Julai 2005, watafiti walifanya jaribio katika vijiji 42, likihusisha kaya 827 za wafugaji. Baadhi ya vijiji vilipewa elimu ya afya, vingine vikabaki kuwa vya kulinganishia.

Ubora wa jaribio hili ni dhahiri. Vijiji viligawanywa kwa nasibu, na watafiti hawakutosheka na majibu ya hojaji. Walikagua mazingira ya kaya na kufuatilia maambukizi kwa nguruwe wachanga. Kwa namna hiyo, maneno ya mfugaji yalipimwa kwa hali halisi ya banda na choo chake.

Hata hivyo, matokeo yanaibua swali zito. Maambukizi mapya kwa nguruwe yalipungua kwa takriban asilimia 43, na ulaji wa nyama yenye vifuko, kwa maelezo ya wanakaya, ulipungua kwa takriban asilimia 20. Lakini matendo yaliyoshuhudiwa na watafiti wenyewe hayakubadilika kwa kiwango cha kuridhisha kitakwimu. Kwa maneno mengine, kilichobadilika ni kile kilichosemwa na wahojiwa pamoja na hali ya nguruwe. Kilichoonekana kwa macho hakikubadilika.

Umuhimu wa tofauti hiyo unabainika katika mzunguko wa maisha ya tegu. Anayekula nyama isiyoiva yenye vifuko hupata tegu tumboni. Kifafa hakitokani na nyama hiyo moja kwa moja. Hutokana na kumeza mayai ya tegu yatokayo katika kinyesi cha binadamu, kupitia maji, mboga au mikono michafu. Kwa mantiki hiyo, mtoto ambaye hajawahi kuonja nyama ya nguruwe anaweza kupata kifafa kwa sababu ya tegu aliye tumboni mwa jirani. Kuacha nyama yenye vifuko humkinga mlaji dhidi ya tegu. Choo na unawaji mikono humkinga kila mtu. Upande huo wa pili, unaogusa ubongo wa binadamu moja kwa moja, ndio ambao jaribio halikuusogeza.

Kasoro hiyo haipaswi kutwikwa wafugaji. Kuchimba choo kunahitaji nguvu kazi na fedha, na nguruwe anayefungiwa bandani lazima atafutiwe chakula ambacho angejitafutia mwenyewe. Elimu humwonesha mfugaji sababu ya kubadilika, lakini haimpi mbao wala pumba. Aidha, ujumbe unaomtaja nguruwe bila kutaja kinyesi cha binadamu huwapa wasiokula nyama hiyo utulivu wa uongo, na huweza kumfanya mgonjwa alaumiwe kwa mlo ambao hakuula.

Mchango wa Ngowi na wenzake unabaki kuwa msingi imara: wamethibitisha kuwa elimu inaweza kupunguza maambukizi kwa nguruwe hata pale matendo yanayoonekana yanapobadilika kidogo. Utafiti utakaofuata katika Mbulu na Hanang hauna budi kuhamisha kipimo kutoka kwa nguruwe kwenda kwa binadamu: kuwatafuta na kuwatibu wenye tegu, kuhesabu vyoo vinavyotumika, na hatimaye kuhesabu wagonjwa wapya wa kifafa. Bila kipimo hicho, kupungua kwa maambukizi kwa nguruwe kutabaki kuwa dalili njema ambayo bado haijathibitishwa kwa binadamu.